Sindano za kupunguza uzito: yanayowapata wagonjwa na kwa nini cheti cha daktari ni cha lazima

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Wagonjwa wengi waliotumia sindano mpya za kupunguza uzito hawaanzi masimulizi yao kwa kutaja kilo. Huanza kwa kueleza sahani iliyobaki na chakula. Mtu aliyezoea kumaliza sahani ya wali na kuongeza nyingine hujikuta amekula vijiko vichache na kuridhika, na jioni anapopita mbele ya kibanda cha chipsi hashawishiki kusimama. Wagonjwa wa nchi za Magharibi wameyapa mawazo ya kula yasiyokoma, hata tumbo linapokuwa limejaa, jina la kelele za chakula, na wanasema kwamba sindano huzima kelele hizo.

Masimulizi hayo yamefika nchini kupitia simu za mkononi, na mara nyingi yamefika nusu. Mwezi Desemba 2023 mtangazaji maarufu wa Marekani, Oprah Winfrey, alipotamka hadharani kwamba anatumia dawa ya kudhibiti uzito, habari ilienea duniani kwa siku moja. Nusu ya pili ya masimulizi, yaani kichefuchefu, dozi inayopandishwa polepole, gharama ya kila mwezi na uzito unaorejea dawa inaposimamishwa, husimuliwa kwa sauti ya chini zaidi. Mwananchi anayefikiria kutumia dawa hizi anahitaji nusu zote mbili.

Dawa zinazozungumziwa huiga homoni iitwayo GLP-1, ambayo utumbo huitoa baada ya mtu kula. Homoni hiyo huuarifu ubongo kwamba mwili umeshiba, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni na huisaidia kongosho kutoa insulini sukari inapopanda. Ile ya mwilini hutoweka ndani ya dakika chache. Safari ya kupata inayodumu ilipitia mahali ambapo wengi wasingepadhania: sumu ya mjusi wa jangwani anayepatikana Marekani na Mexico, ambamo mtafiti John Eng aligundua, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kemikali inayofanana na GLP-1 lakini isiyovunjika upesi. Dawa iliyotokana na ugunduzi huo, eksenatidi, iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili.

Semaglutidi ilifuata, ikauzwa kwa jina la Ozempic kwa ajili ya kisukari kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, na kwa jina la Wegovy kwa ajili ya uzito kuanzia Juni 2021. Tirzepatidi, inayoiga homoni mbili kwa pamoja, iliidhinishwa kwa kisukari mwaka 2022 kwa jina la Mounjaro na kwa uzito Novemba 2023 kwa jina la Zepbound. Zote mbili hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Tunataja majina haya ya biashara kwa sababu moja tu: ndiyo yanayoonekana kwenye matangazo, na watu wengi hawatambui kwamba dawa moja inaweza kuwa na majina mawili na vipimo tofauti.

Je, zinafanya kazi? Ndiyo. Jaribio kubwa la semaglutidi lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha watu wazima 1,961 wenye uzito uliozidi au kiribatumbo, wasio na kisukari. Baada ya wiki 68, waliopewa dawa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, ilhali waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Kwa mtu wa kilo 100 hiyo ni karibu kilo 15. Katika jaribio la tirzepatidi lililohusisha watu 2,539, waliotumia kipimo cha juu kabisa walipungua kwa wastani wa asilimia 20.9 katika wiki 72. Jaribio jingine la semaglutidi, lililowafuatilia watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na mishipa wasio na kisukari, lilionesha kwamba vifo vitokanavyo na moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi vilipungua kwa asilimia 20. Kwa hiyo anayedai kwamba dawa hizi ni za urembo tu anakosea, sawa na anayezitumia kwa urembo tu.

Hata hivyo, wastani huficha mengi. Katika lile jaribio la watu 1,961, kati ya kila watumiaji 100 wa dawa, takribani 14 hawakufikia hata upungufu wa asilimia tano, wakati takribani 32 walipungua kwa asilimia 20 au zaidi. Dawa ileile, kipimo kilekile, miili tofauti. Mgonjwa ambaye jirani yake amepungua kilo 20 na yeye kilo tatu hajafanya kosa lolote, ingawa ndiye atakayelaumiwa kwamba hana nidhamu.

Wiki za mwanzo ndizo ngumu. Katika jaribio hilohilo, asilimia 44 ya waliotumia semaglutidi walipata kichefuchefu, asilimia 31 waliharisha, asilimia 25 walitapika na asilimia 23 walipata choo kigumu. Wengi walipata hali hizo kwa kiwango kidogo au cha kati na kwa muda mfupi, hasa dozi ilipokuwa ikipandishwa. Wagonjwa hueleza kwamba harufu ya mafuta ya kukaangia iliyokuwa ikiwavuta sasa inawachefua, kwamba kiungulia huwaamsha usiku, na kwamba wamejifunza kwa uchungu kuacha kula mara tu wanaposhiba, kwa kuwa kijiko kimoja cha ziada huishia kutapikwa. Wanaozoea huwa wamepunguza kiasi cha mlo, wameacha vyakula vyenye mafuta mengi na wanakunywa maji mara kwa mara. Wapo wasiozoea. Katika jaribio la wagonjwa wa moyo, karibu mtu mmoja kati ya sita waliopewa dawa aliiacha kwa sababu ya madhara, ikiwa ni mara mbili ya wale waliopewa sindano isiyo na dawa.

Kuna madhara machache kwa idadi lakini mazito: mawe na uvimbe wa mfuko wa nyongo, uvimbe wa kongosho, na figo kuumia kutokana na upungufu wa maji kwa mtu anayetapika au kuharisha sana. Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha, hasa yanayoelekea mgongoni, macho kuwa ya manjano, kushindwa kubakiza hata maji tumboni, mkojo kuwa kidogo na wa rangi nzito, au kuona ghafla kunapobadilika, ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Wagonjwa wanaofunga mwezi wa Ramadhani wanapaswa kuzungumza na daktari mapema, kwa kuwa mchana usio na maji ukichanganyika na kuharisha unaweza kuwafikisha kwenye hatari hiyo haraka kuliko wanavyotarajia.

Ili kupunguza taabu hizi, semaglutidi ya uzito huanza kwa miligramu 0.25 kwa wiki. Mgonjwa hukaa hapo wiki nne, kisha huenda 0.5, 1, 1.7 na hatimaye 2.4, akipumzika wiki nne katika kila ngazi. Huchukua wiki 16 kufika juu, na daktari anaweza kuamua mgonjwa abaki chini ikiwa anafanya vizuri au anaumia. Miezi hiyo minne ndiyo inayoeleza cheti cha daktari ni kitu gani. Wapo wanaokiona kama karatasi ya kupitishia dirishani pa famasi. Kwa dawa ya aina hii, cheti ni ahadi kwamba yupo mtu anayejua mgonjwa yuko ngazi ya ngapi, alitapika mara ngapi wiki iliyopita, na ni lini apande, asubiri au aache.

Mnunuzi wa mtandaoni hana mtu huyo. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kupokea taarifa za watu waliojidunga semaglutidi iliyochanganywa na kuuzwa katika vichupa. Baadhi yao walikosea kusoma bomba la sindano na kujipa mara 5 hadi 20 ya kipimo walichokusudia, na wengine walilazwa. Hayo yalitokea katika nchi ambako maelekezo ya dawa yameandikwa kwa lugha ya mtumiaji.

Kabla ya kuandika dawa, daktari huanza na hesabu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 82 anapata 32, kiwango cha kiribatumbo, ambacho huanzia 30. Dawa hizi ziliidhinishwa kwa watu wazima wa kiwango hicho, au wenye 27 na kuendelea ikiwa tayari wana tatizo linaloambatana na uzito, kama shinikizo la juu la damu au kisukari. Binti mwenye urefu huohuo na kilo 60 anayetaka kupunguza tumbo kabla ya harusi yake hayumo, na faida walizopata washiriki wa majaribio haziwezi kuchukuliwa kuwa zake.

Yanafuata maswali ambayo muuzaji wa mtandaoni hayaulizi. Je, mgonjwa au ndugu wa damu aliwahi kupata ile aina adimu ya saratani ya tezi ya shingo ambayo lebo za dawa hizi zinaitahadharisha? Je, amewahi kuugua kongosho? Je, anatumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi, ambavyo vikikutana na sindano hii vinaweza kushusha sukari kupita kiasi? Je, anatarajia kufanyiwa upasuaji? Mtaalamu wa usingizi anahitaji kujua, kwa kuwa chakula kinaweza kuwa bado tumboni hata kama mgonjwa hakula tangu jana. Kwa wanawake kuna la nyongeza. Semaglutidi inatakiwa kusimamishwa angalau miezi miwili kabla ya kubeba mimba, na tirzepatidi inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, hivyo mtumiaji hushauriwa kuongeza kinga nyingine, kama kondomu, kwa wiki nne baada ya kuanza na kila dozi inapopandishwa. Mwanamke ambaye kwa miaka hakushika mimba kwa sababu zinazohusiana na uzito anaweza kushangaa kwamba sasa ameshika.

Wagonjwa wa nchi za Magharibi wanapopungua hupongezwa. Hapa kwetu mambo ni magumu kidogo. Mtu akinenepa huambiwa amenawiri. Akikonda huulizwa, kwanza kwa upole na kisha kwa minong'ono, anaumwa nini. Swali hilo lina historia. Mwaka 1985 watafiti walipochapisha habari za ugonjwa mpya uliokuwa ukiua watu wilayani Rakai, nchini Uganda, waliutaja kwa jina ambalo wananchi wenyewe waliupa, Slim, yaani kukonda. Ng'ambo ya mpaka kutoka Rakai ni Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983. Familia nyingi bado zinaukumbuka mwili uliopungua kwa namna hiyo. Mgonjwa anayepoteza kilo 15 kwa ushauri wa daktari anaweza kulazimika kujieleza msibani, kazini na kanisani au msikitini, na akila matonge matatu kwenye sinia la familia ataambiwa amekidharau chakula cha wifi yake. Wapo wanaoamua kuficha. Kuficha kuna gharama yake: mtu anayezimia kwa kushuka sukari akiwa na watu wasiojua dawa anayotumia hucheleweshewa msaada. Angalau mtu mmoja nyumbani ajue.

Jambo jingine ambalo wagonjwa huliongelea, na ambalo mizani haioneshi, ni nguvu za mwili. Anayepungua haraka hupoteza mafuta pamoja na misuli. Kwa mama mwenye umri wa miaka 60 misuli hiyo ndiyo inayomnyanyua kwenye kigoda na kumzuia kuanguka. Ndiyo maana hamu ya kula inapopungua, kile kidogo kinacholiwa kinapaswa kuwa na protini: maharage, kunde, dagaa, mayai, samaki. Kutembea kwa kasi na kazi za kunyanyua uzito kiasi, hata ndoo ya maji, huendelea kuhitajika. Baadhi hunyonyoka nywele kwa miezi kadhaa, hali inayofuata kupungua haraka kwa uzito na ambayo kwa kawaida hupita.

Kisha huja swali ambalo karibu kila mgonjwa huuliza: nitaacha lini? Jibu halifurahishi. Watafiti waliendelea kuwafuatilia washiriki 327 wa lile jaribio la kwanza kwa mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi na ushauri wa lishe uliokuwa ukiambatana nayo. Waliokuwa kwenye dawa walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 17.3, mwaka mmoja baadaye walikuwa wamerudisha takribani theluthi mbili ya uzito huo, na mafanikio mengi ya shinikizo la damu na sukari yalikuwa yamerudi nyuma pamoja nao. Njaa ilirejea, kelele za chakula zikarejea. Wagonjwa hulieleza hili kama fedheha, lakini hakuna anayemshangaa mgonjwa wa shinikizo la damu ambaye shinikizo lake hupanda baada ya kuacha vidonge. Mwili unaulinda uzito wake wa juu kwa homoni, na dawa inapoondoka, ulinzi huo huendelea.

Maana yake kwa kipato cha Mtanzania ni nzito. Anayeanza dawa hii anapaswa kupiga hesabu ya miaka. Wegovy ilipoingia sokoni Marekani, bei yake iliyotangazwa ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Mnamo Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu dawa hizi kwa watu wazima wenye kiribatumbo, isipokuwa wajawazito, likipendekeza kwa masharti kwamba zinaweza kutumika kwa muda mrefu zikiambatana na ushauri wa lishe na mazoezi, na likakadiria kwamba hadi mwaka 2030 zitawafikia chini ya asilimia 10 ya wanaoweza kunufaika. Wakati huohuo hataza ya semaglutidi inafikia ukomo mwaka 2026 katika nchi kadhaa, zikiwemo India na China. Sehemu kubwa ya dawa tunazotumia hutoka India, hivyo si ajabu bei ikishuka na sindano hizi zikazoeleka, za halali na zisizo halali.

Zisizo halali tayari zipo duniani. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu matoleo matatu ya Ozempic bandia yaliyogunduliwa Brazil na Uingereza Oktoba 2023 na Marekani Desemba 2023. Nchini Austria, mwaka huohuo wa 2023, watu kadhaa walilazwa baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa za semaglutidi. Dalili zao, kushuka kwa sukari na degedege, zilielekeza kwenye insulini. Mtu asiye na kisukari anayejidunga insulini bila kujua anaweza kufa usingizini. Kuhusu vidonge na chai za kupunguza tumbo zinazonadiwa kuwa ni mitishamba mitupu, uchunguzi wa mamlaka za dawa za nje umekuta mara nyingi ndani yake sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi.

Nchini, kila dawa inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla ya kuuzwa, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219. Mwananchi anaweza kuuliza famasi au ofisi ya kanda ya TMDA kama bidhaa aliyooneshwa imesajiliwa. Hata iliyo halisi huharibika njiani: kalamu ambazo hazijafunguliwa huhifadhiwa kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8, na hazipaswi kugandishwa. Kalamu iliyosafiri na bodaboda kutoka Kariakoo hadi Mbagala kwenye mfuko wa plastiki, jua la Februari likiwaka, inaweza kuonekana safi kabisa. Kifungashio kilichofunguliwa, maandishi yenye makosa, namba ya toleo isiyofanana kati ya boksi na kalamu, au muuzaji anayepatikana kwa namba ya simu pekee ni sababu tosha ya kutonunua.

Aliyekwisha kununua na sasa ana wasiwasi asitupe boksi. Asimamishe sindano, aende kituo cha afya akiwa na kalamu, kifungashio chake na risiti kama anayo, na aeleze bila kuona haya tarehe na kipimo cha kila sindano aliyojidunga. Mtoa huduma atampima sukari na shinikizo la damu, ataamua kama kuna haja ya vipimo vingine, na taarifa ya madhara au ya dawa inayotiliwa shaka itapelekwa TMDA. Mwananchi pia anaweza kuipeleka mwenyewe.